Kutembea kwa miguu katika njia za kale za kondoo Hispania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikionyesha picha za safari hizi, maswali huwa yale yale. Nyumbani Arusha wanauliza kondoo walikula nini njiani. Marafiki walioko Ulaya wanauliza maji, mbwa na mahali pa kulala. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie. Anayetaka kwenda moja kwa moja kwenye mbwa, sehemu yake ipo chini, maana najua ndiyo inayowanyima watu usingizi.

## Misingi

Njia za kondoo ni nini hasa?

Ni barabara za mifugo. Kwa karne nyingi wafugaji wa Hispania walihamisha kondoo mara mbili kwa mwaka. Kiangazi waliwapandisha milimani, ambako majani hubaki mabichi, na baridi ikikaribia waliwateremsha kwenye nyanda ambazo theluji haizifuniki. Kati ya malisho hayo mawili kulikuwa na mamia ya kilomita, na kondoo walikwenda kwa miguu yao. Ndiyo maana vikaachwa vipande virefu vya ardhi ambavyo havilimwi wala kujengwa, ili kundi lipite huku likila. Kwa Kihispania jina lake la jumla ni *vías pecuarias*. Zikijumlishwa zinafika takriban kilomita 125,000, na eneo lake ni karibu asilimia 1 ya nchi nzima.

Mtu aliyekulia kwa wafugaji hahitaji maelezo marefu. Wamasai wa Ngorongoro wanajua kushuka tambarare mvua ikinyesha na kurudi juu kiangazi kikikaza. Hispania wao wamekwenda hatua moja mbele: njia yenyewe imeandikwa kwenye sheria na kupimwa kwa mita.

Cañada, cordel, vereda: zinatofautianaje?

Kwa upana. *Cañada* ndiyo kubwa, inafika mita 75. Namba hiyo imetokana na kipimo cha zamani cha vara 90 za Castilla. Uwanja wa mpira wa kimataifa kwa kawaida una upana wa mita 68, kwa hiyo cañada inaumeza na kubakiza nafasi ya mashabiki. *Cordel* ni nusu yake, mita 37.5. *Vereda* haizidi mita 20. *Colada* ni kipande kidogo cha upana wowote. Ukiona neno *real* limeongezwa, maana yake ni ya kifalme: njia iliyokuwa chini ya ulinzi wa mfalme.

Usitarajie kuuona upana huo kila mahali. Kuna sehemu utatembea katika uwanda mpana wa majani, na kuna sehemu ambako kilichobaki ni njia ya trekta kati ya mashamba mawili ya ngano, kila jirani akiwa amemega kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Nani alizianzisha?

Hakuna mwanzilishi mmoja. Miguu ya mifugo ilitangulia maandishi. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1273 mfalme Alfonso X alikipa hadhi ya kisheria chama cha wenye mifugo kilichoitwa Mesta. Chama hicho kilikuwa na mahakimu wake waliozunguka kuwatoza faini wakulima waliolima ndani ya njia. Kufikia karne ya 16 kondoo wake walikuwa takriban milioni 3, wengi wakiwa merino, aina ya kondoo wenye sufu laini, na sufu yao ilijaza hazina ya ufalme. Mesta ilivunjwa mwaka 1836.

Watu hupenda kuisimulia kama hadithi ya wachungaji maskini waliopewa haki na mfalme. Si hivyo kabisa. Sauti kubwa ndani ya Mesta ilikuwa ya mabwana wakubwa na nyumba za watawa zenye makundi ya maelfu. Mchungaji aliyelala kwenye umande alikuwa mtu wa kuajiriwa.

Kondoo bado wanapita, au ni historia tu?

Wanapita, ila wachache. Reli ilianza kuwabeba, kisha malori yakamaliza kazi: safari ya wiki kadhaa ikawa ya usiku mmoja. Tangu miaka ya 1990 chama cha Trashumancia y Naturaleza kimekuwa kikirudisha makundi barabarani. Kila Oktoba kuanzia 1994 kondoo hupitishwa katikati ya Madrid, na wachungaji hulipa jiji ushuru wa kupita, sarafu 50 za maravedí kwa kila kondoo elfu, kwa mujibu wa makubaliano ya mwaka 1418. Ni sherehe, ndiyo, lakini ina meno: inawakumbusha watu wa mjini kwamba lami yao imelala juu ya njia ya mifugo. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Hispania katika orodha ya nchi ambazo uhamishaji huu wa mifugo unatambuliwa kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.

Mimi si mfugaji. Nina haki ya kupita?

Unayo. Sheria namba 3 ya mwaka 1995 inazifanya njia hizi kuwa mali ya umma. Haziuzwi, na mtu hawezi kuzimiliki kwa kisingizio kwamba amezikalia muda mrefu. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kutembea, kupanda farasi na usafiri mwingine usio wa injini, kwa sharti moja: mifugo kwanza. Likumbuke hilo, kwa sababu majibu mengi ya huku chini yanatoka humo.

## Kuchagua njia na kujiandaa

Ni sawa na Camino de Santiago?

Hapana, na wengi huumia kwa kudhani hivyo. Camino ni njia ya mahujaji: mishale ya njano, hosteli kila baada ya kilomita chache, kahawa, watu wa kuzungumza nao. Njia ya kondoo ilichorwa ikwepe vijiji, maana kundi la elfu moja katikati ya bustani za watu ni ugomvi. Unaweza kutembea siku nzima usione duka wala mtu. Kama unaenda kutafuta marafiki, nenda Camino. Sisemi kwa kejeli. Ni njia nzuri, ila ni safari nyingine.

Nianze na ipi?

Jibu langu halijabadilika: Cañada Real de los Roncaleses, mkoani Navarra. Ina kama kilomita 135, yaani siku sita au saba bila kujitesa, na imewekewa alama kwa jina la GR 13 (GR ni njia ndefu za kutembea kwa miguu zenye alama). Inatoka bonde la Roncal, kwenye milima ya Pirenei, inavuka safu ya Leyre, inateremka hadi mabonde ya ngano na mizabibu, inapita upande wa Carcastillo na kuishia Bardenas Reales, nchi kavu ya udongo mweupe na vilima vilivyochongwa na mvua na upepo. Ndani ya wiki moja unatoka kwenye misitu yenye ukungu unaingia karibu jangwani. Ukiwa katikati ya mabadiliko hayo unaelewa kwa miguu kwa nini kondoo walihamishwa.

Tena hii si njia ya makumbusho. Bonde la Roncal lina haki ya malisho Bardenas tangu enzi za kati, na kila tarehe 18 Septemba malisho hufunguliwa rasmi: makundi huingia kwa pamoja mahali paitwapo El Paso, karibu na Carcastillo. Mara ya kwanza nilifika pale kabla ya alfajiri nikiwa na usingizi. Nilisikia kengele kwanza, kisha harufu, na vumbi ndilo lililofika mwisho.

Na kama utakuwa Roncal mwezi Julai, tarehe 13 watu wa bonde hilo hukutana mpakani na majirani zao Wafaransa wa Barétous, ambao hukabidhi ng'ombe watatu kutokana na hukumu ya mgogoro wa malisho ya mwaka 1375. Ng'ombe watatu, kila mwaka, hadi leo. Wazee wetu wa mabaraza ya ardhi wangeipenda kesi hiyo.

Ipi ni ndefu kuliko zote?

Cañada Real Soriana Oriental, takriban kilomita 800, kutoka Soria hadi upande wa Sevilla. Usianze nayo. Sehemu nyingi hazina alama, na maji ni shida (tazama swali la maji).

Nitaijuaje njia isipokuwa na alama?

Ramani za taasisi ya taifa ya jiografia, IGN, huandika majina ya cañada waziwazi, na zinapatikana bure kwenye simu. Zipakue kabla ya kuondoka, kwa kuwa mabondeni mtandao hukatika. Chini, tafuta *mojones*, nguzo fupi za mawe au zege za mpaka. Pale ambapo njia pia ni GR utaona mstari mweupe juu ya mwekundu.

Kuna dalili nyingine ambazo ramani haikupi. Ukiona ukanda mpana wa majani mafupi unaokata mashamba bila kujali mipaka yao, huenda umesimama juu yake. Majina ya vituo nayo husema: *abrevadero* ni pa kunyweshea, *descansadero* ni pa kupumzisha kundi, *contadero* ni mahali palipobana ambapo kondoo hupita wachache wachache wakihesabiwa.

Niende mwezi gani?

Mei, au nusu ya pili ya Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Ndiyo miezi ya kondoo wenyewe, na waliichagua kwa akili. Julai na Agosti nyanda za chini huwaka moto. Bardenas hakuna kivuli cha kulaza hata mbuzi. Majira ya baridi theluji huziba njia za juu. Upepo wa *cierzo* unaotoka kaskazini-magharibi hausubiri msimu, kwa hiyo kofia iwe na kamba.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, pamoja na bima ya safari ya angalau euro 30,000. Ukaaji hauzidi siku 90 katika kila siku 180. Tatizo la safari hii ni ushahidi wa malazi, kwa sababu huwezi kuandika "nitalala nilipochokea". Panga usiku wako kwenye nyumba za wageni za vijijini, uweke nafasi zinazoweza kufutwa, uambatanishe ratiba ya siku kwa siku.

Kihispania changu ni "hola" tu. Nitaweza?

Kutembea utaweza. Kupata maji ya mchungaji itakuwa kazi. Jifunze sentensi kumi, ukianza na ile ya kuuliza kama mbwa ni wakali. Na salamu ni kama kwetu: anayefika ndiye anayesalimia kwanza. Ukimpita mzee bila *buenos días*, usirudi baadaye kumwuliza njia.

## Maisha ya njiani

Maji nitapata wapi?

Hapa msikilize mtu aliyekosea. Siku moja niliona *abrevadero* tatu kwenye ramani nikabeba lita moja na nusu. Ya kwanza ilikuwa kavu, ya pili ilikuwa na vyura na rangi ya chai, ya tatu sikuiona kabisa. Tangu siku hiyo nabeba lita tatu kwenye nyanda kavu na nne nikiingia Bardenas.

Visima vya mifugo si vya kunywa bila kuchuja na kutibu. Mabomba ya uwanjani vijijini kwa kawaida ni salama, ila soma kibao: *no potable* ni hayafai, *agua sin tratar* ni hayajatiwa dawa. Jaza kila chupa kila kijijini, hata kama unadhani una ya kutosha.

Kondoo walitembea kilomita ngapi kwa siku? Na mimi je?

Kundi hutembea kama kilomita 20 kwa siku, kwa sababu linakula huku likienda. Wewe panga 20 hadi 25. Wanaoandika 35 kwenye ratiba ndio ninaowakuta siku ya tatu wamekaa chini wanatoboa malengelenge.

Naweza kupiga hema popote?

Hapana. Kanuni za kupiga kambi hutofautiana mkoa hadi mkoa, na kwenye maeneo ya hifadhi kama Bardenas ni marufuku. Njia kuwa ya umma hakukupi ruhusa ya kulala juu yake. Ninachofanya ni kupita ofisi ya halmashauri ya kijiji, *ayuntamiento*, asubuhi, niulize kwa adabu. Mara nyingi nimeonyeshwa uwanja wa nyuma ya kanisa au ukumbi wa zamani. Moto wa wazi sahau kabisa, hasa kiangazi: faini ni kubwa, na msitu ukiungua haurudi kwa msamaha.

Chakula?

Beba cha siku mbili. Duka la kijiji hufungwa mchana na laweza lisifunguliwe Jumapili. Roncal nunua jibini la maziwa ya kondoo lenye jina la bonde hilo, la kwanza Hispania kulindwa kwa jina la asili yake, mwaka 1981. Halitaki friji na halivunjiki kwenye shanta. Mgahawani uliza *migas*, mkate mkavu uliokaangwa na kitunguu saumu. Ni chakula cha wachungaji, na Mwislamu aulize kwanza, kwani mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe.

## Kondoo, mbwa na majirani

Nikikutana na kundi nifanyeje?

Simama pembeni, upande wa chini wa mteremko kama kuna nafasi, ukae kimya. Usipite katikati. Mbele huwa wanatangulia *mansos*, kondoo dume waliohasiwa, wenye kengele kubwa, waliofundishwa kuongoza. Ukiwashtua hao umeshtua kundi zima. Subiri ishara ya mchungaji. Nimewahi kusubiri karibu nusu saa, na hakuna cha kulalamikia: yeye ndiye mwenye njia.

Na mbwa? Niambie ukweli.

Kuna aina mbili. Mbwa mdogo anayekimbia huku na huko ni wa kuswaga. Hana habari na wewe. *Mastín*, jitu la kilo 60 na zaidi linalolala katikati ya kondoo, ndilo mlinzi. Zamani lilivishwa *carlanca*, ukanda wa shingoni wenye miiba ya chuma, ili mbwa mwitu asilishike koo. Kazi yake ni kukaa kati ya kundi na kitu kisichoeleweka, na wewe na shanta yako hamueleweki.

Likija linabweka, simama. Usikimbie, usirushe jiwe, usilikazie macho. Ongea kwa sauti ya chini ili lijue wewe ni mtu, kisha zunguka mbali taratibu. Fimbo iwe ardhini. Mara zote zilizonikuta lilisimama, likanisindikiza hadi mwisho wa eneo lake, likarudi. Moyo wangu ulirudi baadaye kidogo.

Naweza kwenda na mbwa wangu?

Sikushauri. Soma jibu lililotangulia, kisha jiweke upande wa mastín.

Nimekuta uzio au geti. Napita?

Geti lisilo na kufuli: pita, uliache ulivyolikuta. Kama lilikuwa wazi liache wazi; huenda mfugaji ameliacha hivyo ili mifugo ifike kwenye maji. Uzio wenye kufuli juu ya njia ya umma ni kosa la aliyeuweka, lakini usiukate. Piga picha, weka alama kwenye ramani, zunguka, kisha upeleke taarifa kwa serikali ya mkoa, ambayo ndiyo msimamizi wa njia hizi.

Mkulima ananiambia hili ni shamba lake.

Yawezekana anaamini hivyo kwa dhati, kwa kuwa babake alililima. Yawezekana pia wewe umepotea. Mwonyeshe ramani, uliza njia iko wapi, fuata anakoelekeza. Shambani si mahakamani, na wewe kesho hupo. Ila taarifa ipeleke. Mashamba hula njia pale ambapo hakuna anayepita, na nguzo ya mpaka isiyotazamwa na mtu huhama yenyewe usiku.

Kuna hatari gani nyingine?

Wawindaji: msimu wao huanza vuli, hasa mwisho wa wiki. Vaa rangi kali, na ukikuta kibao cha *batida*, yaani msako wa kundi la wawindaji, geuka. Kupe: wapo kila mahali kondoo walipolala; kagua miguu na kiuno kila jioni. Ng'ombe wenye ndama: pita mbali. Namba ya dharura ni 112.

## Mambo ya pembeni

Naweza kwenda kwa baiskeli au pikipiki?

Baiskeli ndiyo, ila mvua ikinyesha Bardenas udongo hugeuka gundi na gurudumu halizunguki. Buti nazo hunenepa mpaka unatembea kama umevaa matofali. Pikipiki hapana; tazama swali la haki ya kupita.

Nimesikia milipuko Bardenas. Ni kweli?

Ni kweli. Katikati ya Bardena Blanca, sehemu mojawapo ya Bardenas, kuna uwanja wa jeshi wa mazoezi ya ndege tangu 1951. Umezungushiwa mabango, usiuvuke hata kama ramani inaonyesha njia ya mkato. Cha ajabu ni kwamba kondoo hawageuzi hata shingo. Mimi niliruka.

Cañada Real inayotajwa kwenye habari za Madrid ni hii hii?

Ni mojawapo: Cañada Real Galiana. Kando ya Madrid maelfu ya watu wamejenga nyumba juu yake, na tangu Oktoba 2020 sehemu kubwa ya makazi hayo haina umeme. Wanaishi humo familia zenye watoto. Si mahali pa kwenda kupiga picha za safari. Kama unatembea Galiana, anzia mbali na jiji.

Naweza kutembea pamoja na wachungaji?

Wapo wanaopokea watu kwa siku moja au mbili, hasa Septemba. Uliza vijijini wiki kadhaa kabla. Ukikubaliwa, wewe ni mkono wa kazi: utasimama kwenye njia panda kuzuia kondoo wasiingie shambani, na utaambiwa mara moja tu. Usipige simu, usicheze muziki, na chakula chako kitoshe kugawa.

Sufu inayonasa kwenye miiba, naweza kuiokota?

Okota. Sukuma kipande ndani ya soksi, pale buti linapokwaruza, kabla lengelenge halijajaa. Itanuka kondoo kwa siku mbili, lakini kufikia hapo na wewe utakuwa unanuka hivyo hivyo.